Kufuli Tatu: Namna ya Kuandika Katiba ya Kikundi Isiyolala Mfukoni mwa Mtu Mmoja

Desemba 2011, siku ya mgao wa kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, tulikaa chini ya mwembe nyuma ya soko tukingoja sanduku la fedha lifunguliwe. Tulikuwa watu ishirini na wawili. Siku zote funguo hutoka pande tatu: mmoja anaufungua kwenye fundo la leso, mwingine ameuvaa shingoni kama hirizi, na wa tatu anaupekua kwenye mkoba mpaka watu wanaanza kumcheka. Siku hiyo funguo zote tatu zilitoka kwenye mfuko mmoja wa suruali, zimefungwa uzi mmoja, pamoja na kifungulia soda. Suruali ilikuwa ya mwenyekiti.

Hakuna ufunguo aliouiba. Mshika ufunguo wa kwanza alikwenda matangani Bungoma, akamwachia. Wa pili alilazwa hospitali, akamwachia. Wa tatu akaona wenzake wamekwisha kutoa, akasema, "Sasa wangu peke yake utafanya nini?" Sanduku lenyewe lilikuwa limehamia kwa mwenyekiti tangu paa la mtunza sanduku lianze kuvuja. Ilikuwa kwa muda tu. Tulipomaliza kuhesabu, shilingi 1,340,000 hazikuwepo.

Katibu nilikuwa mimi. Kufuli tatu tulikuwa nazo, na katiba tulikuwa nayo, kurasa nne, nimeziandika kwa mkono wangu. Hazikuwa na hata sentensi moja iliyosema mshika ufunguo akisafiri, ufunguo wake unabaki kwa nani.

Tangu mwaka huo nimesaidia vikundi vingi vya Tororo, Malaba na Busia kuandika katiba zao. Wananiita Mama Katiba, wengine kwa heshima, wengine kwa kuchoka. Kazi hii nimefundishwa na mambo mawili: hasara ile, na kuisoma historia ya nchi yetu huku sanduku likiwa kichwani. Uganda nayo ilikabidhiwa sanduku lenye kufuli kadhaa tarehe 9 Oktoba 1962, na haikumaliza miaka minne kabla ya funguo kuingia mfuko mmoja. Ndiyo sababu kila Oktoba, wiki ya sikukuu ya uhuru, nawaambia wanakikundi watoe katiba yao waisome kwa sauti. Hapa naeleza ninavyoifanya kazi hiyo, kwa mfuatano ninaoufuata mwenyewe.

Gawanyeni kazi kabla ya kugawa vyeo

Watu hufika kwenye mkutano wa kwanza wakiwa wameshajua mwenyekiti ni nani. Huwa ni yule mwenye duka, au mwalimu mstaafu, au mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Mimi huwaomba tusimtaje kwanza. Nachora miduara mitatu vumbini kwa kijiti, nauliza: nani anaamua kanuni? Nani anazitekeleza kila Jumamosi? Na wawili wakivutana juu ya kanuni, nani anasema haki ni ya nani?

Mara nyingi jibu la maswali yote matatu ni "mwenyekiti." Hapo nawasimulia habari za gavana. Waingereza waliitangaza Uganda kuwa nchi lindwa mwaka 1894. Baraza la Kutunga Sheria lilianza vikao mwaka 1921, na aliyekalia kiti cha mwenyekiti wa baraza hilo alikuwa gavana yuleyule aliyeendesha serikali. Mwafrika hakuingia mle mpaka mwaka 1945, na alipoingia aliteuliwa, hakuchaguliwa. Mzee mmoja wa Malaba aliposikia hayo alisema, "Kumbe gavana alikuwa na sanduku, funguo na daftari." Tangu siku hiyo natumia maneno yake.

Waliojadiliana uhuru walijitahidi kuzitawanya funguo. Katiba ya 1962 ilimpa Waziri Mkuu, Milton Obote, kuendesha serikali. Ikaweka Bunge la kutunga sheria. Ikaweka Mahakama Kuu. Ikamwacha Gavana Mkuu, Sir Walter Coutts, akae mwaka mmoja kwa niaba ya Malkia. Buganda ikapewa madaraka ya shirikisho na baraza lake, Lukiiko, falme nyingine zikapewa pungufu kidogo, na sisi wa wilaya za kawaida, watu wa Tororo tukiwamo, tukaongozwa na serikali kuu. Ilikuwa katiba yenye viraka vingi, lakini kila kiraka kilikuwa mahali ambapo mtu alikataa kumwachia mwenzake kila kitu.

Kwenye kikundi miduara yenu ni hii. Wa kwanza ni mkutano wa wanachama wote: huo ndio Bunge. Wa pili ni kamati, yaani mwenyekiti, katibu, mtunza sanduku na wahesabu fedha wawili: hiyo ndiyo serikali. Wa tatu ni wasuluhishi watatu, watu ambao hata mkigombana mnaendelea kuwasalimia. Washika funguo wako nje ya miduara yote. Andikeni hivi, neno kwa neno mkipenda: "Mshika ufunguo hatakuwa na cheo kingine katika kikundi, wala hatakuwa mume, mke, mzazi au mtoto wa mjumbe wa kamati. Akisafiri au akiugua, ataukabidhi ufunguo wake mbele ya wanachama wasiopungua watano, kwa mtu ambaye si mjumbe wa kamati wala mshika ufunguo." Kukosa sehemu ya pili ndiko kulikotugharimu zile shilingi 1,340,000.

Kichwa kimoja, kofia moja

Mtu mwema akipewa kazi mbili zinazogongana, wema wake hauwezi kumsaidia. Mfano wangu ni Sir Edward Mutesa. Coutts alipoondoka, Oktoba 1963, Mutesa akawa Rais wa Uganda nzima huku akiwa bado Kabaka, yaani mfalme, wa Buganda. Mwaka uliofuata, tarehe 4 Novemba 1964, wananchi wa Buyaga na Bugangaizi walipiga kura kuamua kama wabaki Buganda au warudi Bunyoro. Walichagua Bunyoro. Sasa Rais alitakiwa kuidhinisha nchi ichukue ardhi kutoka kwa Kabaka, na Rais na Kabaka walikuwa mtu mmoja. Alikataa kutia saini. Ningekuwa yeye sijui ningefanya nini, na ndiyo maana sipendi mtu awekwe pale.

Kwetu kofia mbili huja kimyakimya. Mtunza sanduku ni mzuri wa hesabu, basi awe pia mhesabu fedha. Katibu anaishi karibu, basi akae na ufunguo. Nilipokuwa katibu wa kikundi cha pili, niliwahi kushika kalamu, ufunguo na daftari la mikopo kwa miezi minne. Nasema kweli, nilifurahi. Kila mtu alinisalimia mara mbili.

Mlango wa kubadilisha katiba

Hapa msiwe na haraka. Nimeona vikundi vikitumia saa tatu kujadili faini ya simu kulia mkutanoni, halafu kifungu cha mabadiliko kikapitishwa watu wakiwa wamesimama, wanafungasha vitu vyao. Lakini kifungu hicho ndicho mlango wa nyumba nzima. Atakayeupata mlango huu hahitaji kuvunja kufuli.

Kisa cha 1966 nakisimulia polepole. Tarehe 22 Februari mawaziri watano walikamatwa ndani ya kikao cha baraza la mawaziri, Entebbe. Mmoja wao, Balaki Kirya, alitoka huku kwetu mashariki. Siku chache baadaye Obote akaisimamisha katiba ya uhuru. Tarehe 15 Aprili wabunge wakaitwa kupitisha katiba mpya iliyomfanya yeye Rais mwenye mamlaka yote ya utendaji. Hawakuwa wameisoma. Waliambiwa nakala watazikuta kwenye vijisanduku vyao vya barua baada ya kikao. Wakapitisha. Tarehe 24 Mei jeshi, likiongozwa na Idi Amin, likashambulia ikulu ya Kabaka pale Mengo. Mutesa akakimbilia Uingereza, akafia London mwaka 1969. Septemba 1967 ikaja katiba nyingine, ikafuta falme na kumwongezea Rais nguvu. Funguo, uzi, kifungulia soda.

Nikifika hapo wanawake huguna, kisha nami inanibidi nikiri langu. Kwenye kikundi kilekile cha pili, usiku mmoja niliandika kifungu kipya kwa taa ya simu: aliyechelewa kulipa mkopo wiki mbili asipewe mkopo mwingine mwaka mzima. Nilikuwa na hasira na mtu mmoja. Kesho yake nikakisoma haraka mwishoni mwa mkutano, mvua inakuja, nikasema, "Tumekubaliana?" Wakapiga makofi. Wiki ya tatu kifungu kikamnasa mama mmoja anayeuza mukene (dagaa), ambaye mtoto wake alikuwa amevunjika mguu. Akaniuliza mbele ya watu, "Dada, hiki tulikubali lini?" Sikuwa na jibu la kumpa uso kwa uso.

Katiba ya sasa ya Uganda imeweka breki ambayo nawashauri muinakili. Tume ya Jaji Benjamin Odoki ilizunguka nchi nzima ikikusanya maoni, Bunge la Katiba lililochaguliwa Machi 1994 likajadili kwa zaidi ya mwaka, na katiba ikatangazwa tarehe 8 Oktoba 1995, mkesha wa sikukuu ya uhuru. Ibara ya 263 inadai kwamba katika mabadiliko makubwa ya katiba, kura ya kusomwa mara ya pili na kura ya kusomwa mara ya tatu zitenganishwe na siku za vikao zisizopungua 14. Maana yake: lala kwanza, hasira ipoe, watu waulize majirani. Ninyi andikeni hivi: "Badiliko la katiba litasomwa katika mikutano miwili tofauti iliyoachana wiki nne, na litapita kwa theluthi mbili ya wanachama wote, si ya waliohudhuria." Mkiacha hayo maneno manne ya mwisho mtayajutia siku ya mvua.

Breki ya pili ni kuamua vifungu gani ni vigumu kuliko vingine. Katiba ya nchi ina orodha yake katika Ibara ya 260: ukitaka kugusa hivyo, theluthi mbili ya Bunge haitoshi, lazima wananchi wapige kura ya maoni. Uhuru wa mahakama umo. Muda wa miaka mitano wa Rais umo. Lakini kifungu kilichosema Rais asizidi vipindi viwili hakikuwekwa kwenye orodha, na kile cha umri wa miaka 75 hakikuwekwa pia. Cha kwanza Bunge likakiondoa mwaka 2005. Cha pili likakiondoa Desemba 2017, kura 315 dhidi ya 62. Iwe ulifurahi au ulilia, kanuni ilifuatwa kwa namna ilivyoandikwa: kilichokuwa nje ya sanduku hakikuhitaji ufunguo.

Nilikuwa Mbale tarehe 26 Julai 2018, nimekwenda kununua vitabu vya hisa na wino wa mhuri, siku ambayo Mahakama ya Katiba ilisomea hukumu yake ya jambo hilo pale mjini. Askari kila kona. Muuza vitabu alikuwa ameweka redio juu ya kaunta, majaji watano wakisoma mmoja baada ya mwingine, na kila mteja aliyeingia alisahau alichokuja kununua. Wanne kati ya watano waliacha kuondolewa kwa umri kusimame. Jaji Kenneth Kakuru akapinga. Lakini katika sheria ileile wabunge walikuwa wamejiongezea muda kutoka miaka mitano hadi saba, na hilo mahakama ikalifuta. Muuza vitabu alicheka mpaka akakohoa. "Walijipakulia wenyewe nyama," akasema. Mwaka uliofuata, Aprili 2019, Mahakama ya Juu iliyaacha mambo yalivyokuwa, majaji wanne dhidi ya watatu.

Kwa hiyo chagueni vifungu vyenu vitatu au vinne vya kufungia ndani. Vyangu ni hivi: washika funguo wasiwe na cheo kingine, uchaguzi kila mwanzo wa mzunguko wa kuweka akiba, mgao usicheleweshwe kupita wiki ya pili ya Desemba, na hiki kifungu cha mabadiliko chenyewe. Hicho cha mwisho watu hukisahau. Kisipofungiwa, mtu anabadilisha kwanza theluthi mbili iwe nusu, kisha anabadilisha vingine vyote kwa raha zake.

Akidi

Semeni idadi ya chini ya watu wanaotakiwa kuwapo ndipo mkutano uamue. Kwa kikundi cha watu 24, mimi husema 16. Agosti 2014 Mahakama ya Katiba ilifuta sheria nzima ya Bunge kwa sababu akidi haikuwa imetimia ilipopitishwa, na wabunge walikuwa wamelisema hilo palepale bila kusikilizwa. Mtu yeyote akisema "Hatujatimia," katibu ahesabu vichwa kabla ya neno lingine lolote.

Mwenyekiti akikalia karatasi

Mkutano umepitisha mkopo wa dharura, mwenyekiti hasaini. Hakatai, anasema ataiangalia. Huu ugonjwa ni wa kale. Ibara ya 91 ya katiba ya nchi imeuwekea dawa. Rais akiletewa muswada ana siku 30 za kufanya moja kati ya matatu: atie saini, aurudishe na sababu, au amwandikie Spika kwamba anakataa. Siku 30 zikipita kimya, inahesabiwa ameidhinisha. Na ukirudishwa mara mbili, Bunge likaupitisha mara ya tatu kwa theluthi mbili ya wabunge wote, unakuwa sheria bila saini yake.

Ninyi punguzeni siku ziwe saba. Mwenyekiti ana haki ya kukataa, na awe nayo kweli, kwa sababu mara nyingine mkutano hupumbazwa na msemaji mzuri. Lakini akatae kwa maneno na sababu zake ziandikwe daftarini. Kunyamaza kusiwe kura.

Nani anamteua nani

Baada ya Amin kung'olewa Aprili 1979, Profesa Yusuf Lule akawa Rais, na pembeni yake likawepo Baraza la Ushauri la Taifa. Lule akapanga mawaziri upya bila kuwapeleka mbele ya baraza. Baraza likasema uteuzi lazima upitie kwake. Yeye akasema ni mamlaka yake kama Rais. Alidumu siku 68. Wazee wa hapa mjini hubishana mpaka leo nani alikuwa na haki, na mimi nimeacha kubisha. Ninachojua ni kwamba swali hilo lilipaswa kujibiwa kwenye karatasi kabla mtu hajaapa.

Katiba ya 1995 imelijibu kwa mikono mitatu. Jaji anapendekezwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama, anateuliwa na Rais, anaidhinishwa na Bunge. Tazameni pia wilayani kwetu: mwenyekiti wa LC5, yaani baraza la wilaya, anachaguliwa na wananchi, RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, anateuliwa na Rais, na CAO, mtendaji mkuu wa wilaya anayeshika fedha, huletwa na tume ya utumishi wa umma kutoka Kampala. Watatu hao wakikaa meza moja, ukimya wake unausikia mpaka barabarani. Hata hivyo, ukimya huo naupenda kuliko kicheko cha watu waliowekwa na mtu mmoja.

Kwa washika funguo wenu: mwenyekiti asiwateue, asiwaondoe, wala asiwapendekeze. Wachaguliwe kwa kura ya siri. Sisi hutumia mawe madogo: kila mgombea amegeuzwa mgongo, ana bakuli nyuma yake, na wanachama wanapita mmoja mmoja.

Wasuluhishi

Sehemu hii naiandika nikiwa na kinyongo kidogo, maana ndiyo vikundi huiona ya kupoteza muda. "Sisi ni ndugu, tutagombania nini?" Subirini Novemba.

Benedicto Kiwanuka alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, mapema 1962, kabla ya Obote kushinda uchaguzi wa Aprili. Amin alipotwaa nchi Januari 1971 alivunja Bunge akatawala kwa amri zake, lakini mahakama akaziacha, na Kiwanuka akawa Jaji Mkuu. Tarehe 21 Septemba 1972 watu wenye silaha walimchukua akiwa kwenye jengo la Mahakama Kuu, Kampala, mchana, na hakurudi. Sisemi kwamba mwenyekiti wenu ni Amin. Nasema mwamuzi ambaye hana kinga anajua hana kinga, na hukumu zake zitanukia hofu hata kama hajaguswa.

Kuna hofu na kuna kukata tamaa. Baada ya ile katiba ya 1966, chifu mmoja wa Buganda, Matovu, aliyekuwa kizuizini, alipeleka malalamiko yake Mahakama Kuu, na hapo likaja swali kama katiba ile ni halali. Jaji Mkuu wa wakati huo, Udo Udoma, Mnigeria, na wenzake walisema ndiyo: mapinduzi yamefaulu, utaratibu mpya umeshika, basi ndio sheria. Wanasheria husoma hukumu hiyo mpaka leo. Mimi nikiisoma naona mshika ufunguo wa tatu anasema, "Sasa wangu peke yake utafanya nini?"

Wapeni wasuluhishi wenu mambo matatu. Kwanza, posho yao ndogo, kama ipo, itoke moja kwa moja kwenye mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana, na kamati isiweze kuipunguza; katiba ya nchi nayo inakataza mshahara wa jaji kubadilishwa kwa kumuumiza. Pili, mmoja akiwa na kesi ya nduguye, ampishe wa akiba. Tatu, wakiamua kesi kati ya wawili, mkutano mkuu unaweza kubadilisha kanuni kwa siku zijazo, lakini usigeuze uamuzi ule kati ya wale wawili. Hiyo ni Ibara ya 92, na mipaka yake bado inavutaniwa: tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ilisema mahakama za kijeshi hazina mamlaka halali ya kuwahukumu raia, na Juni mwaka huohuo Rais akatia saini sheria mpya ya jeshi iliyofungua tena njia ya raia kufikishwa huko katika hali fulani. Muuza vitabu wa Mbale angecheka, au pengine asingecheka.

Hesabu ya vichwa vyote

Nchi ina Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anayepeleka ripoti Bungeni kila mwaka, si Ikulu. Ninyi hamna fedha za mkaguzi, lakini mna masikio. Kabla sanduku halijafungwa kila Jumamosi, mhesabu ataje kwa sauti kilichobaki, na wanachama wote wakariri. Mkutano unaofuata usifunguliwe mpaka mtu aliyechaguliwa bila taarifa ataje kiasi hicho bila kutazama daftari. Mama mmoja asiyejua kusoma ndiye aliyetugundulia pengo la shilingi 40,000 mwaka 2016, kwa kukumbuka tu.

Kumwondoa mwenyekiti

Kifupi: sababu ziandikwe, theluthi moja wasaini, watu watatu wasio wajumbe wa kamati wachunguze kwanza, kisha theluthi mbili wapige kura. Ndivyo Ibara ya 107 inavyofanya kwa Rais, isipokuwa wachunguzi wake ni majaji watatu wa Mahakama ya Juu. Mwenyekiti asikilizwe kabla ya kura. Wa kwetu wa 2011 tulimfokea bila kumsikiliza, na mpaka leo sijui kama zile fedha alizila zote au kuna mwingine. Alilipa 600,000 kidogokidogo, kisha akahamia kwa mwanawe.

Lugha, halafu kufuli

Iandikeni kwa lugha mnayogombania. Kikundi chetu kina Wajapadhola, Waiteso, Wasamia na Wanubi, na tukigombana tunagombana kwa Kiswahili, kwa hiyo katiba yetu ni ya Kiswahili. Tangu 2005 ni lugha rasmi ya pili ya nchi hata hivyo, ingawa ukienda nayo ofisini watakutazama kama umekuja kuuza mayai.

Kufuli sasa. Nendeni watatu dukani, msimtume mtu mmoja. Msinunue tatu za katoni moja kwa sababu ni rahisi; hizi za bei ndogo mara nyingi zinafanana meno. Kabla ya kulipa, jaribuni kila ufunguo kwenye kila kufuli. Ni majaribio tisa: matatu yafungue, sita yagome. Mwenye duka atakasirika. Wa kwetu pale sokoni Tororo aliniambia, "Mama, kufuli ni kufuli tu." Niliendelea. Kwenye jaribio la saba, kufuli ikafunguka kwa ufunguo usio wake. Nikamrudishia, nikaomba ya katoni nyingine, nikaanza upya kutoka la kwanza.